Aliyeshika Pondo

Anayejifunza kuvua baharini kwa nzi wa manyoya hukutana na maadui wawili kabla hajamwona samaki hata mmoja. Wa kwanza ni upepo. Wa pili ni macho yake mwenyewe, ambayo yanatazama maji yanayofika magotini, safi kama kioo, na hayaoni kitu.

Tuanze na upepo, maana wenyewe unaeleza mchezo wote. Mvuvi wa mshipi wa kawaida hutegemea chubwi: chubwi inaruka, uzi unafuata. Katika uvuvi wa nzi mambo yamegeuzwa. Nzi si mdudu. Ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya jogoo au nywele za mkia wa paa, nayo haina uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito makusudi. Ufito wa futi 9 huutupa nyuma, ukasubiri unyooke hewani, kisha ukauleta mbele. Nzi huja nyuma yake kama mkia wa tiara. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, mkia huo hurudi na kumchoma mwenyewe sikioni.

Mchezo huu ulikulia kwenye mito ya maji baridi ya Uingereza, ukavuka kwenda Marekani, na walowezi wakaja nao hadi kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipandikiza samaki aina ya trauti katika vijito vya Aberdare na Mlima Kenya ili wasiikose starehe ya kwao. Mtoni kuna miti ya kukinga upepo, na samaki anakaa mahali pamoja akingoja chakula kiletwe na maji. Baharini hakuna miti, na samaki hakai. Kwa muda mrefu wenye mchezo wao walisema bahari si mahali pake.

Walikuwapo waliojaribu. Daktari James Henshall alizunguka pwani za Florida katika miaka ya 1870 na 1880 na ufito wa nzi mkononi, akanasa samaki wa kila namna na kuandika habari zake. Lakini historia inayosimuliwa mara nyingi huanzia kwenye Florida Keys, mlolongo wa visiwa vinavyoning'inia kusini mwa jimbo hilo, na samaki mmoja: bonifishi, ambaye wanasayansi humwita Albula vulpes. Si mkubwa. Wengi wana kilo mbili au tatu. Ana magamba yanayoakisi mchanga na nyasi za chini kama kioo, na hiyo ndiyo sababu macho ya mgeni hayamwoni. Hupanda na maji yanayojaa, huingia kwenye mafungu ya mchanga na kandokando ya mikoko kutafuta kaa na kamba, na akiinamisha kichwa kuchimbua, ncha ya mkia wake hutokeza juu ya maji. Akishtuka anakimbia, na mita 100 za uzi zinaisha kabla mtu hajajua ameshika nini.

Visiwa hivyo vilikuwa na reli. Henry Flagler aliifikisha Key West mwaka 1912, na matajiri wa kaskazini waliteremka kwenye kambi ya uvuvi ya Long Key, ambako mwandishi wa riwaya Zane Grey alikuwa mtu mashuhuri. Tarehe 2 Septemba 1935 kimbunga kilipita hapo. Waliokufa walizidi 400, wengi wao askari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa wamepelekwa kujenga barabara kwa ajira ya serikali. Kambi ya Long Key ilifutika. Reli haikujengwa tena. Juu ya tuta lake ilipitishwa barabara ya magari iliyofunguliwa mwaka 1938, na hapo wavuvi wa aina nyingine wakaanza kuja: watu wenye gari na likizo ya wiki moja, wasio na mashua yao na wasiojua maji yale. Walihitaji mtu wa kuwapeleka.

Hapa ndipo masimulizi huanza kubishana. Wengi humtaja Kapteni Bill Smith wa Islamorada kuwa ndiye aliyemnasa bonifishi kwa nzi kwa kukusudia, mwaka 1939. Wengine wanasema kazi ilikamilika mwaka 1947, pale mwandishi Joe Brooks alipopelekwa na Jimmie Albright, akanasa na kwenda kuandika. Kabla ya hao, watu waliokuwa wakitafuta samaki wengine walikuwa wamemnasa kwa bahati tu. Mimi nadhani ubishi wa nani wa kwanza hauna faida kubwa. Lenye maana ni kwamba Brooks aliandika. Kitabu chake kuhusu uvuvi wa nzi katika maji ya chumvi kilitoka mwaka 1950, na tangu hapo mtu wa Ohio au wa Montana aliweza kuanza mchezo huu kabla hajaiona bahari.

Katika kitabu, na katika vilivyofuata, mtu anayetazamwa ni yule aliyesimama omo, mbele ya mashua, ufito mkononi. Nyuma yake, tezi, kuna mtu mwingine. Huyu ameshika pondo. Mashua ya kazi hii ni nyembamba na bapa, inaelea kwenye maji ya shibiri mbili, na haiendeshwi kwa injini kwa sababu samaki angeisikia akiwa mbali. Inasukumwa kwa pondo, kimya, kama mitumbwi inavyosukumwa kwenye mikoko ya Rufiji. Mwenye pondo ndiye anayejua maji yamejaa kiasi gani na samaki wataingia kwa mlango upi. Ndiye anayemwona samaki. Anamwambia wa mbele atupe wapi na kwa umbali gani, kisha anamwambia avute taratibu, asimame, avute tena. Mgeni anatii. Jioni inasemwa kwamba mgeni amenasa samaki.

Maelekezo yenyewe hutolewa kwa uso wa saa. Omo ndiyo kumi na mbili yao, kulia moja kwa moja ni tatu, kushoto ni tisa. Msomaji wa Kiswahili asihangaike: omo ni saa sita, kulia ni saa tisa, kushoto ni saa tatu. Mshale unaelekea palepale, ni hesabu tu iliyohama. Tabu ya mwanafunzi haiko kwenye saa. Yuko kwenye mashua inayoyumba, mshipi umezagaa miguuni, anaambiwa samaki yuko mita 15 naye haoni ila mchanga, na ana sekunde tano. Kama alijifunzia mtoni, kuna shida ya pili. Trauti akidonoa, mvuvi huinua ufito juu. Bonifishi akidonoa, ukiinua ufito unampokonya nzi mdomoni. Inatakiwa ufito ubaki chini ukielekea kwa samaki, na mkono wa kushoto uvute mshipi moja kwa moja mpaka uzito usikike. Watu waliovua mtoni miaka 30 huchukua siku nzima kuuacha mkono wao wa zamani. Asiyewahi kuvua popote ana nafuu.

Miongoni mwa walioshika pondo Islamorada walikuwamo wanawake. Bonnie, Frankee na Beulah walikuwa ndugu wa tumbo moja, binti za Laidlaw. Bonnie aliolewa na Bill Smith, Frankee na Jimmie Albright, Beulah na Leo Cass. Bonnie na Frankee waliongoza wageni kwa kazi yao wenyewe, wakafunga nzi na kurusha mshipi kwa ustadi uliosifiwa. Ukisoma maelezo mengi ya mwanzo wa mchezo huu utawakuta kwenye sentensi inayomhusu mume.

Vifaa navyo vilikuwa vikibadilika, na bila mabadiliko hayo mgeni wa wiki moja asingefika popote. Mishipi ya zamani ilikuwa ya hariri, ilipaswa kuanikwa kila jioni na kupakwa mafuta ili ielee. Chumvi iliila. Fito zilikuwa za mwanzi uliochongwa vipande sita na kuunganishwa kwa gundi, kazi ya fundi na bei ya fundi. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938. Baada ya vita zikaja fito za nyuzi za kioo, kisha mishipi yenye ganda la plastiki, na katika miaka ya 1970 fito za kaboni, nyepesi na zenye nguvu ya kupasua upepo. Anayeanza leo huambiwa anunue ufito namba 8, rili isiyoliwa na chumvi, na mshipi uliotengenezwa kwa ajili ya joto, kwani mshipi wa mtoni hulegea kama tambi ukikutana na jua la tropiki.

Lefty Kreh wa Maryland ndiye aliyewafundisha Wamarekani wengi kurusha. Alihamia Miami katikati ya miaka ya 1960 kusimamia mashindano ya uvuvi, akafundisha na kuandika hadi alipofariki mwaka 2018. Nzi aliyembuni wakati wa kuvua ghuba ya Chesapeake, mrefu na mweupe kama dagaa, aliwekwa kwenye stempu ya posta ya Marekani mwaka 1991. Haikuwa heshima isiyostahili. Lakini stempu hiyo naiweka kando ya nzi mwingine.

Kisiwa cha Andros, Bahamas, ni kikubwa, hakina watu wengi, na upande wake wa magharibi ni mafungu na mikoko mpaka macho yachoke. Mwaka 1977 Bob Nauheim, mvuvi kutoka California, alikuwa huko akiongozwa na Charlie Smith, Mbahama mweusi aliyekuwa akiwajua bonifishi wa Andros kuliko yeyote. Nzi aliyetoka kwenye safari hiyo ana vishanga viwili vya mnyororo vilivyofungwa kama macho upande wa juu wa ndoana. Uzito wake unamgeuza, ndoana ikatazama juu, naye akaburuzwa chini bila kunasa nyasi. Kwa tatizo lile hakuna aliyekuwa amepata jibu jepesi namna hiyo. Nauheim alimpa jina la Charlie, na alipoingia kwenye duka la Orvis mkuu wa kampuni hiyo, Leigh Perkins, akalibadilisha kivumishi: Charlie Mbaya akawa Charlie Kichaa. Kwa jina hilo ameuzwa duniani kote, na yumo katika kisanduku cha karibu kila anayeanza. Nani hasa alimbuni, aliyefunga uzi au aliyejua samaki wanakula nini, watu wanabishana hadi leo. Nionavyo, bila wa pili wa kwanza asingekuwa na cha kufunga. Na jina la ukoo, Smith, halimo kwenye kisanduku.

Kwenye kisiwa cha Bimini, karibu na Florida, kulikuwa na Ansil Saunders, fundi wa mashua na kiongozi wa wavuvi. Mwaka 1971 mgeni wake alipata ndani ya mashua yake bonifishi wa ratili 16, karibu kilo saba na robo, aliyeingia kwenye vitabu vya rekodi. Miaka saba kabla, mwaka 1964, alimpeleka mikokoni Martin Luther King, aliyetaka mahali pa kimya pa kuandikia hotuba yake ya Nobeli. Hawakuvua. Saunders alisukuma mashua hadi kijitoni, akaacha pondo. Kazi ya kumfikisha mtu mahali bila kelele aliijua.

Baadaye samaki wakaanza kupungua Florida. Bonifishi wa Keys walikuwa wakipungua kwa miaka, na baridi ya Januari 2010 iliua samaki wengi kwenye mafungu yale. Mwaka 1997 wavuvi na wanasayansi waliunda taasisi ya kumchunguza bonifishi na taponi, na utafiti ukaonyesha jambo ambalo haliwezi kuonekana kutoka omo: mwezi ukiwa mpevu, bonifishi hukusanyika kwa maelfu karibu na pwani na usiku huenda kutaga kwenye bahari ya kina kirefu, na vifaranga huelea wiki kadhaa na mikondo kabla ya kurudi kwenye maji mafupi. Kulinda fungu moja kwa hiyo hakutoshi. Mwaka 2013 Florida iliamuru kila bonifishi anayenaswa arudishwe majini.

Bahamas walikuwa na hesabu nyingine. Wao walikuwa wakimla samaki huyu tangu zamani, miiba yake yote na yote, na bado wanamla nyumbani. Sheria inakataza kumuuza na kumvua kwa nyavu. Walichokuwa wakikihesabu ni mgeni anayekuja na mashua yake mwenyewe na kitabu chake, akavua fungu ambalo babu wa mtu fulani ndiye aliyeligundua, akaondoka. Ubishi juu ya jambo hilo ulikuwa mkali. Wenye hoteli, wengine wao wageni, waliogopa kupoteza wateja. Waongozaji walisema wao ndio waliowafundisha hao wateja. Mwaka 2017 zikatoka kanuni: mgeni anayetaka kuvua kwenye mafungu lazima awe na leseni, na mashua ya kigeni yenye wavuvi wawili au zaidi imchukue mwongozaji wa Bahamas mwenye cheti.