Chumvi ya tangi la matumbawe

Chumvi ya tangi la matumbawe ni mchanganyiko wa madini makavu unaoyeyushwa katika maji baridi yaliyosafishwa ili kupata maji yanayofanana na ya bahari, kwa ajili ya kufuga matumbawe, samaki na viumbe wengine wa mwambani nyumbani. Huuzwa kwa ndoo au mifuko. Chapa zote hukaribiana katika sodiamu na kloridi. Zinapoachana ni katika kalsiamu, magnesiamu na hasa ualkali, yaani akiba ya bikarbonati na karbonati inayozuia maji kugeuka tindikali na ambayo matumbawe huitumia kujengea mifupa yake ya chokaa.

Historia

Jumba la samaki la bustani ya wanyama ya London lilipofunguliwa mwaka 1853, maji ya chumvi yalilazimika kuletwa kutoka pwani. Mwaka uliofuata mwanaasili Philip Henry Gosse alichapisha kanuni ya kuyatengeneza mjini. Alitumia chumvi nne tu: chumvi ya mezani, chumvi ya Epsom, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Karbonati ya chokaa aliiacha, kwa kuwa kiasi chake baharini ni kidogo. Kwa viumbe wa ufukwe wa Uingereza aliowafuga, upungufu huo ulivumilika. Matumbawe yajengayo mwamba yasingeuvumilia.

Msingi wa kisayansi uliimarika mwaka 1884, William Dittmar alipotoa uchambuzi wa sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari ya 1872 hadi 1876. Alionyesha kwamba hata pale kiwango cha jumla cha chumvi kinapopanda au kushuka, uwiano kati ya madini makuu katika bahari kuu haubadiliki sana. Kwa hiyo bahari ina kanuni moja inayoweza kuigwa. Leo chapa zinazojulikana ni pamoja na Instant Ocean ya Marekani, Tropic Marin ya Ujerumani na Red Sea ya Israeli.

Tofauti na chumvi ya jikoni

Chumvi inayovunwa katika mabwawa ya pwani, kama yale ya Gongoni kaskazini mwa Malindi, hutoka baharini lakini hairudishi bahari ikiyeyushwa. Jua linapokausha maji, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha chumvi ya kawaida, na magnesiamu na potasiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachokusanywa ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Ndiyo maana viwanda vya chumvi ya matangi huongeza magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfati na bikarbonati kwa vipimo.

Vigezo vya kuchagua

Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo huwa na kalsiamu takriban miligramu 410 kwa kilo, magnesiamu takriban 1,280, na ualkali wa karibu digrii 7 katika kipimo cha dKH. Kigezo cha kwanza ni kulinganisha chumvi na ualkali ambao tangi tayari limezoea. Kampuni ya Red Sea, kwa mfano, huuza chumvi mbili: moja ya digrii 8 hivi na nyingine, Coral Pro, ya digrii 12 hivi.

Tofauti hiyo huonekana wakati wa kubadilisha maji. Tangi la digrii 8 likibadilishwa asilimia 10 kwa maji ya digrii 12, ualkali hupanda kwa 0.4 tu. Likibadilishwa asilimia 30, hupanda kwa 1.2 kwa mara moja, na matumbawe magumu kama Acropora huweza kuungua ncha, hasa pale nitrati na fosfati zilipo kidogo sana. Matumbawe laini kama Sarcophyton huvumilia zaidi.

Kigezo cha pili ni namna madini yanavyorudishwa. Mwenye pampu inayotia kalsiamu na bikarbonati kila siku hufaa kuchukua chumvi iliyo karibu na bahari, kwa kuwa nyongeza tayari inapatikana kwingine. Asiyetia chochote, na ambaye matumbawe yake bado ni machache, hunufaika na chumvi iliyoongezewa, kwani kila badiliko la maji hurudisha kilicholiwa.

Gharama nayo huhesabiwa kwa mwaka. Kwa sababu madini kadhaa hubeba maji ndani ya fuwele zake, lita moja huhitaji gramu 36 hadi 40 za mchanganyiko. Tangi la lita 200 linalobadilishwa lita 20 kila wiki hutumia karibu kilo 40 kwa mwaka.

Kuyeyusha na kutunza

Maji hutangulia, chumvi hufuata kidogo kidogo huku pampu ikikoroga. Maji yakimwagwa juu ya chumvi kavu, kalsiamu na bikarbonati hukutana zikiwa nzito mno na kuganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Jambo hilohilo huwapata wanaoacha maji ya ualkali mkubwa yakikorogwa kwa siku nyingi: ukoko hushika kwenye hita. Kiwango cha chumvi hupimwa kwa refraktomita iliyorekebishwa kwa kimiminika chenye gramu 35 za chumvi kwa kilo. Ndoo hufunikwa vizuri, kwa kuwa kloridi ya magnesiamu na ya kalsiamu hunyonya unyevu wa hewa, na chumvi iliyoshikana mabonge huenda imekwisha kupoteza ualkali wake.

Maji ya bahari yenyewe

Mkazi wa pwani anaweza kuchota maji baharini, mbali na bandari na midomo ya mito. Karibu na mto Sabaki au Rufiji, mvua za masika huteremsha tope na kupunguza chumvi. Maji safi ya bahari hayamwepushi mfugaji na hesabu ile ile, kwani ualkali wake ni digrii 7 hivi. Tangi lililozoea digrii 11 huyapokea kama ambavyo lingepokea chumvi ya chapa nyingine: kwa kiasi kidogo, wiki baada ya wiki.