Kubuti Si Kuwasha

Mteja anayeingia kwa fundi kompyuta na laptop kwapani huwa na shitaka moja tu: "Haiwaki." Fundi mzoefu halipokei hivi hivi. Anabonyeza kitufe, anatazama taa ya pembeni, anasikiliza kama feni inazunguka, ndipo anatoa hukumu: "Inawaka, ila haibuti." Vitenzi hivyo viwili vina gharama tofauti. Laptop isiyowaka huenda chaja yake mbovu au ubao wake mkuu umekufa. Isiyobuti ina umeme wa kutosha, ila haijaupata mfumo endeshi wake.

Wapo wasiolipenda neno kubuti. Kwao ni Kiingereza kilichovikwa kanzu, na wangependa tuseme kuwasha, kuanzisha au kuamsha. Mimi niko upande wa fundi, na sababu zangu zinaonekana vizuri zaidi kwenye kompyuta iliyowekewa mifumo endeshi miwili au mitatu, ile ambayo ukiiwasha inakuuliza kwanza: Windows au Linux?

Tuanze na asili. Neno la Kiingereza linatokana na kiatu kweli. Buti za zamani zilishonewa kitanzi nyuma ili mvaaji avute mguu uingie, na watu wakawa na mzaha kuhusu mtu anayetaka kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Wahandisi wa kompyuta wa miaka ya 1950 waliuchukua mzaha huo kwa kuwa ulieleza shida yao barabara. Mashine haiwezi kusoma programu bila programu ya kuisomesha. Sasa hiyo ya kwanza itasomwa na nani? Hata kwenye Altair 8800 ya mwaka 1975, mwenye mashine alikaa mbele yake akipandisha na kushusha swichi, akiingiza maagizo ya mwanzo kwa mkono, ndipo iweze kusoma chochote kutoka kwenye utepe wa karatasi. Siku hizi maagizo hayo hukaa ndani ya chipu. Nasi neno buti tunalo tangu zamani, kwa askari na kwa wacheza mpira, kwa hiyo tulipokopa kitenzi tulikikuta na kiatu chake nyumbani.

Kubuti basi ni safari nzima kuanzia maagizo hayo ya kwanza hadi mfumo endeshi ushike usukani. Kwenye kompyuta za kale zenye BIOS, programu dhibiti iliyo kwenye chipu ilisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu. Kati ya hizo, baiti 446 zilikuwa za programu ya kubutisha, 64 za jedwali la vizigeu, na mbili za mwisho zilikuwa alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo inabutika. Kizigeu, kama lile pazia au ukuta mwepesi unaogawa chumba, ni sehemu ya diski inayojitegemea. Mafundi husema patisheni. Jedwali la baiti 64 lilitosha vizigeu vinne vikuu, basi. Mtu aliyetaka Windows, Linux na sehemu ya mafaili yake alibanana humo.

Kompyuta za sasa hutumia UEFI. Hii husoma kizigeu kidogo maalumu, kwa kawaida cha muundo wa FAT32, ambamo kila mfumo una folda yake: ya Microsoft hii hapa, ya Ubuntu ile pale. Jedwali lake jipya, GPT, kwa kawaida lina nafasi 128. Ugomvi wa kugombania sekta moja uliishia hapo, ingawa kama tutakavyoona ugomvi mwingine ulibaki.

Kwa nini nisikubali kuamsha, neno zuri hivyo? Kwa sababu lina kazi tayari. Ukifunika laptop inalala, ukifunua inaamka, na ulichokuwa ukiandika unakikuta palepale. Hapo hakuna kubuti kokote. Mfumo haukuondoka kwenye memori. Kuwasha nako ni kuruhusu umeme upite. Vitenzi hivi vitatu vikichanganywa, mwenye mifumo miwili ndiye anayeumia, tena hasa kwa sababu ya tabia moja ya Windows.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mpango wa kuharakisha uwakaji. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimiki kabisa. Inafunga programu zako, kisha inahifadhi kiini chake kwenye diski kilivyo, na kesho ukiwasha inakirudisha. Kwa lugha yetu, imelala nusu. Sasa ukiibuti Linux katikati ya usingizi huo na kufungua kizigeu cha Windows, Linux inakuta alama kwamba mwenyewe hajaondoka. Aghalabu hukuruhusu kusoma tu, usiandike; umefungua kuhariri ripoti, haihifadhiki. Ikilazimishwa kuandika, mafaili yanaweza kuharibika. Mtu aliyeambiwa "izime kisha uiwashe" atazunguka humo wiki nzima, maana kuzima kwa Windows si kuzima. Cha ajabu, amri ya kuwasha upya ndiyo inayobuti kwelikweli. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kuuondoa mpango huo.

Tuje kwenye istilahi yenyewe ya mifumo mingi. Tafsiri inayokuja haraka ni "kubuti mifumo mingi", nami naikataa. Inamfanya msomaji adhani mifumo yote inaamka pamoja, kumbe kila mara inabuti mmoja tu na mingine inabaki kimya kwenye diski. Kuiendesha miwili kwa wakati mmoja kunawezekana, lakini hiyo ni mashine pepe, ambapo mfumo mmoja unaishi ndani ya mwingine na kugawana memori nao. Wanafunzi huchanganya mambo haya mawili kila siku, na tafsiri hiyo inawazidishia. Mimi husema kubuti kwa chaguo. Anayesikia anajua kuna zaidi ya mfumo mmoja, na kwamba lazima achague. Anayetaka idadi aseme kompyuta ya mifumo miwili, inatosha.

Programu inayokuletea chaguo hilo kwa watumiaji wengi wa Linux ni GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995. Skrini nyeusi, orodha fupi, sekunde chache za kusubiri, kwa kawaida 5, kisha inaingia kwenye mfumo wa kwanza kama hukugusa kitu. Ukiona orodha haina Windows usiogope. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine yenyewe hadi iruhusiwe kwenye faili lake la mipangilio. Na ukiona skrini imesimama kwenye maneno "grub rescue>", jua mara nyingi kuna mtu aliyefuta kizigeu cha Linux akiwa ndani ya Windows, akaiacha programu ya kubutisha ikitafuta nyumba iliyobomolewa.

Sababu ya watu kurudi kwenye jambo hili sasa inaeleweka. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo laptop nyingi za mitumba hazina. Mwenye laptop kama hiyo anaweza kubakiza Windows yake ya zamani kwa programu ya hesabu ambayo hana mbadala wake, na akatumia Linux kwa intaneti. Ni mpango wa busara.

Utaratibu wake si mrefu: nakili mafaili yako kwanza, punguza kizigeu cha Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kisha weka Linux kwenye nafasi iliyobaki kwa kutumia flashi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48, kwa sababu ukibadilisha namna ya kubuti Windows inaweza kukudai huo kabla ya kukufungulia. Nao ulinzi wa UEFI wa kukagua sahihi ya kila programu ya kubutisha si adui, ila una siku zake. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilibatilisha programu za zamani za kubutisha, na baadhi ya watu wakaamka wakikuta Linux yao haibuti.

Kuna kero moja ambayo vitabu vya nje huipitia haraka. Linux huweka saa ya ndani ya kompyuta kwa wakati wa kimataifa. Windows huichukulia saa hiyohiyo kuwa ya hapo ulipo. Dar es Salaam au Nairobi, ukitoka Linux ukaingia Windows saa nne asubuhi, utaambiwa ni saa moja. Lubumbashi na Kigali kosa ni la muda wa saa mbili. Betri haina hatia, usiinunulie nyingine. Fungua Linux uandike "timedatectl set-local-rtc 1", mifumo itaelewana.

Nadhani kubuti halikupata tafsiri rasmi iliyoshika kwa sababu rahisi: tukio lenyewe hutokea kabla Kiswahili hakijafika. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows hubadilisha menyu za mfumo uliokwisha kubuti, ilhali skrini za mwanzo hubaki na lugha aliyoiweka mtengenezaji. Ofisi zilipata maneno, madarasa ya Kenya yakapata tarakilishi, Tanzania ikabaki na kompyuta, na sehemu hii ya giza ikaachiwa mafundi. Wao wakasema inabuti, haibuti, imegoma kubuti, ibutishe kwa flashi. Neno linalonyambulika hivyo midomoni mwa watu halihitaji kamati.

Basi ukimpelekea fundi kompyuta ya mifumo miwili, mwambie mapema kabla hajapiga Windows upya. Akisafisha diski nzima, Linux na mafaili yake vitakwenda. Akisafisha kizigeu cha Windows peke yake, Linux itabaki salama ila haitaonekana ukiwasha, kwa kuwa Windows hujiweka ya kwanza. Kwenye kompyuta ya UEFI ingia katika mipangilio yake, panga upya mpangilio wa kubuti, uiweke GRUB juu.