Simu ya katikati ilienda wapi?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu ya ukimya huo ndiyo iliyonileta kwenye mada ya leo.

Nilikuwa nikiandikia chama cha familia yetu programu ndogo ya kuweka hesabu: nani ametoa mchango, nani amekopa, nani bado anadaiwa. Kwenye simu yangu ilienda vizuri kabisa. Jumapili tulipokutana, shangazi yangu, ambaye ndiye mweka hazina, akaifungua kwenye simu yake. Ikawaka, ikaganda, ikajifunga. Akajaribu tena, mambo yakawa yale yale. Akanitazama juu ya miwani na kuniuliza, "Sasa mwanangu, hii kitu umetengenezea watu wa simu kubwa peke yao?"

Nilitahayari. Lakini njiani nikirudi nyumbani niliwaza kwamba miaka ishirini iliyopita swali hilo halingeulizwa. Simu yake na yangu zingekuwa karibu sawa. Imekuwaje basi? Hebu tuifuate historia hii hatua kwa hatua.

Enzi ya simu moja

Mnakumbuka Nokia 3310? Ilitoka mwaka 2000 na zaidi ya milioni 120 zikauzwa. Kisha mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Sisemi kwamba wakati huo watu wote walikuwa sawa. Wengi hawakuwa na simu hata kidogo, na matajiri walikuwa na zao za kujionyesha. Lakini aliyekuwa na simu, awe meneja wa benki au kondakta wa matatu, alikuwa na kitu kile kile mkononi: vitufe, skrini ndogo, ujumbe mfupi na betri ya siku kadhaa. Ulijua kutumia moja, umejua zote. Hata chaja mliazimana.

Safaricom ilipozindua M-Pesa mwezi Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya laini. Haikuhitaji simu ya aina fulani. Aliyeiunda hakulazimika kujiuliza, "Je, simu ya mama wa sokoni itaweza?" Simu ya mama wa sokoni na ya mwenye duka la jumla zilionyesha menyu ile ile. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya huduma ile ienee kwa kasi, nasi huitaja mara chache mno.

Miaka miwili, ncha mbili

Sasa angalieni tarehe hizi. Tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza. Ilipoanza kuuzwa Juni mwaka huo huko Marekani, bei ilikuwa dola 499 na 599, na bado mnunuzi alitakiwa kufunga mkataba wa miaka miwili na kampuni ya simu. Mwezi Novemba mwaka huo huo, Google pamoja na washirika wake wakatangaza Android, mfumo ambao mtengenezaji yeyote angeweza kuuchukua bila kulipia.

Upande mwingine, mwaka 2006, kampuni ya Kichina ya Transsion ilikuwa imeanzishwa. Ndiyo wenye Tecno, itel na Infinix. Muda mfupi baadaye ikaamua kuelekeza nguvu zake Afrika. Ikaleta simu za laini mbili kwa sababu iliona watu wakibadilisha laini kila mara kufuata bei nafuu. Baadaye ikarekebisha kamera zake zichukue vizuri picha za watu wenye ngozi nyeusi.

Kwa hiyo katika kipindi cha takriban miaka miwili, ncha ya juu na ncha ya chini zilizaliwa pamoja. Nokia alikuwa amekaa katikati, ameshiba, anauza kuliko wote.

Njia mbili zilimshinda fisi

Hadithi ya fisi mnaijua. Alifika njia panda, akanusa nyama huku na huku, akataka kufuata njia zote mbili kwa pamoja, akapasuka msamba.

Februari 2011 mkuu wa Nokia, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi wake waraka uliovuja na kusomwa dunia nzima. Alikiri kwamba Apple imeshika soko la juu, kwamba Android inateremka kutoka juu kuja katikati, na kwamba chini huko viwanda vya Shenzhen vinatoa simu kwa kasi ya ajabu kwa kutumia michoro na chipu za MediaTek. Akaifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya jukwaa linaloungua baharini. Mwezi huo huo Nokia ikatangaza kuuacha mfumo wake wa Symbian na kufuata ule wa Microsoft.

Haikusaidia. Septemba 2013 kitengo cha simu kikatangazwa kuuzwa kwa Microsoft, jumla ya yuro bilioni 5.44 pamoja na leseni za hataza. Mauzo yakakamilika Aprili 2014. Julai 2015, Microsoft ikafuta dola bilioni 7.6 katika vitabu vyake kwa sababu ya ununuzi huo. Wengine wakafuata. BlackBerry ikatangaza mwaka 2016 kwamba haitatengeneza tena simu zake yenyewe. LG, ambayo simu zake hazikuwa mbaya hata kidogo, ikatangaza kujiondoa katika biashara hiyo Aprili 2021.

Kwa nini katikati ndipo palipoungua?

Jibu, nionavyo mimi kama mwandishi wa programu, liko katika gharama za programu zenyewe. Kiwanda cha viatu hutumia ngozi kwa kila jozi. Programu sivyo. Gharama yake karibu yote hutangulia: unawalipa maelfu ya wahandisi miaka mingi kabla hujauza hata nakala moja, kisha nakala ya pili hadi ya milioni mia karibu hazigharimu kitu.

Aliye juu anaimudu gharama hiyo kwa sababu kila simu yake inamletea faida nono. Aliye chini haimhusu: mfumo anaupata bure, chipu inakuja na mchoro wake, yeye anaunganisha na kusafirisha. Aliye katikati analipia wahandisi kama wa juu, na anauza kwa bei anayovutwa nayo na wa chini. Hesabu hiyo haifungi.

Tena ncha hizi mbili hulishana. Kilicho cha ajabu juu mwaka huu, baada ya miaka michache kiko chini kwa bei ya kutupa. Na kadiri simu ya bei rahisi inavyokuwa nzuri, ndivyo mwenye pesa anavyohitaji sababu kubwa zaidi ya kuongeza pesa. Hivyo haongezi kidogo; anaruka hadi juu. Novemba 2017 iPhone X iliingia sokoni kwa dola 999, zaidi ya shilingi laki moja za Kenya kabla ya ushuru, na wanunuzi wakapatikana.

Najua mtu atauliza, "Na Samsung je?" Swali zuri. Samsung inauza simu za bei ya kati kwa wingi hadi leo. Lakini Samsung hutengeneza skrini na chipu zake yenyewe, na ina mguu mmoja juu na mwingine chini. Huyo si fisi, ni tembo. Kwa hiyo niseme kwa uangalifu: bei ya katikati bado ipo dukani. Kilichotoweka ni kampuni inayoishi kwa katikati pekee.

Huku kwetu

Serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye simu mwaka 2009. Mwaka 2011 Huawei IDEOS, simu ya Android, ilikuwa ikiuzwa hapa kwa takriban shilingi 8,000, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo iliyokuwa intaneti ya kwanza ya mfukoni. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zipatazo milioni 1.9 zikazimwa kwenye mitandao. Mwaka 2013 VAT ikarudi. Julai 2020 Safaricom na Google wakaanzisha Lipa Mdogo Mdogo: wakati huo ulitanguliza shilingi 1,000, kisha ukalipa shilingi 20 kila siku.

Shilingi ishirini kwa siku upande mmoja, laki na zaidi upande wa pili. Na mulika mwizi bado ziko mifukoni mwa wengi, zikifanya kazi yake kimya kimya.

Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Sisi tunaoandika programu, karibu sote, tuko ncha moja. Tunaandikia kwenye tarakilishi nzuri, tunajaribu kwenye simu nzuri, tunaonyeshana sisi kwa sisi. Ikifanya kazi kwetu, tunasema imefanya kazi. Zamani mwandishi wa programu hakuweza kuwasahau watu, kwa sababu simu yao ilikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Leo anaweza kuwasahau bila hata kujua, kama mimi nilivyomsahau shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye funguo za sanduku la chama!

Soko halitaturudishia katikati ile. Hesabu nimewaonyesha. Lakini hakuna hesabu inayotulazimisha sisi tuandike kwa ajili ya ncha moja tu.

Basi majuma haya nilikuwa nikifanya nini? Nilinunua simu kuukuu mtaani, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 na kioo kilichopasuka pembeni. Iko hapa mezani. Nimetoa picha zote zisizo na kazi, nimetoa michoro inayocheza, hesabu zinafanyika polepole lakini zinafika. Na mwanachama mwenye mulika mwizi atapata salio lake kwa ujumbe mfupi.

Jumapili ijayo tuna kikao. Shangazi amesema ataifungua mwenyewe, kwenye simu yake, mbele ya wanachama wote. Niombeeni.