Salfa, mihogo na mtafiti wa Newala

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi hadi Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Aliwachunguza Wamakonde na majirani zao, hata namna walivyofyeka kichaka, kukichoma, kulima na kuhama. Kitabu kikatoka Ujerumani, kwa Kijerumani. Mwaka 1947 Waingereza wakaja na mpango wa karanga, wakafungua mashamba makubwa Nachingwea kwa matrekta; kufikia 1951 ulikuwa umefutwa.

Korosho ndiyo iliyowalazimisha wataalamu kuwasikiliza wakulima. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000. Bei ilikuwa duni, na watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho yao ilibaki mbali, ikamezwa na magugu. Kisha ukaja ubwiriunga, uliobainika nchini mwaka 1979, ugonjwa unaokausha maua machanga miezi ya baridi.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wakahimiza salfa, ipulizwe alfajiri kabla ya upepo. Ilifanya kazi, na mavuno yakapanda. Lakini mkulima wa Newala halimi mkorosho peke yake. Chini yake kuna mihogo, kunde, mbaazi, na vumbi la salfa lisilonata kwenye maua hutua humo. Salfa ikikaa ardhini hugeuka asidi, na udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde hauna nguvu ya kuizuia. Mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti kuhusu madhara hayo. Hapa, kwa maoni yangu, mkulima alikuwa mbele: maabara iliuona mti na ugonjwa wake, yeye alikula kutoka shamba zima.

Jicho hilo la mkulima lilipata chombo mwaka 2011, kule Chambezi, Bagamoyo, mradi wa Sauti ya Wakulima ulipowapa wakulima simu za kupokezana ili wapige picha za athari za hali ya hewa. Wao wakaenda mbali zaidi, wakaanza kuwahoji wakulima wenzao. Kazi hiyo ilizaa programu ya simu iitwayo Ugunduzi, iliyofika Masasi kupitia Swissaid na watafiti wa Zurich na Chuo Kikuu cha Sokoine. Mkulima hulinganisha vipande viwili vya shamba, kimoja kwa mbinu aliyoizoea, kingine kwa mbinu ya kilimo ikolojia, na kuandika mwenyewe anachokiona. Kumbukumbu hizo zinastahili kusomwa kabla wataalamu hawajapanga pembejeo za msimu, si baada ya mavuno.