Ardhi Iliyokosa Bei Ilomba

Tangazo la nyumba inayouzwa Ilomba, jijini Mbeya, mara nyingi hutaja mapema ukubwa wa kiwanja, hati na umbali kutoka barabara kuu ya Zambia. Vyumba na bati hufuata. Mpangilio huo una historia. Kwa miongo mingi sheria haikuipa ardhi tupu thamani: kilichouzwa rasmi ni maendelezo, yaani matofali, bati na miti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ndiyo iliyotamka kwamba ardhi ina thamani. Utasema watu waliuziana viwanja hata kabla ya hapo. Kweli, ila bei ya udongo ilifichwa ndani ya bei ya ukuta, na muuzaji akausifia ukuta. Sheria hiyohiyo inadai mkataba wa maandishi, kwa hiyo neno la dalali pekee halitoshi.