Kilwa Kisiwani: Kuta Zimepimwa, Wazee Bado



Ibn Battuta alipofika kwetu mwaka 1331 aliukuta mji wa Sultani al-Hasan bin Suleiman, mwenye kasri la Husuni Kubwa. Wareno waliuteka mwaka 1505. UNESCO iliuingiza, pamoja na Songo Mnara, katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 ulihesabiwa miongoni mwa urithi ulio hatarini, kwani bahari na mvua zilikuwa zikizila kuta.

Wataalamu wa mradi wa Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, wamezipima kuta hizo kwa miale ya leza. Mwaka 2020 CyArk na Google waliweka taswira zake kwenye intaneti. Leo aliye Muscat au London anauona Msikiti Mkuu kwa simu yake.

Lakini leza haijui jina la kisima wala kisa cha kaburi. Hayo wanayo wazee wetu, nao wanapungua kila mwaka. Michango ya mwaka huu itanunua vinasa sauti na kompyuta za shule, ili watoto wazione kuta na kuwasikia wazee pamoja.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tuchangie.