Chura wa Kihansi na Dughulushi

Chura wa Kihansi na dughulushi ni viumbe vya milima ya Tao la Mashariki, na vyote hupenda miamba yenye unyevu. Njia zao za kuongezeka, hata hivyo, ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Chura huyu (Nectophrynoides asperginis) aligunduliwa mwaka 1996 chini ya maporomoko ya mto Kihansi, safu ya Udzungwa. Ana rangi ya manjano. Jike hafiki sentimita 3, na dume ni mdogo zaidi. Makazi yake yote duniani yalikuwa takribani hekta 2 za mimea iliyolowana manyunyu ya maporomoko hayo. Hatagi mayai majini: watoto huzaliwa wakiwa vyura kamili, kila mmoja kama punje ya mchele. Kando ya maji yanayoporomoka kwa kishindo, kiluwiluwi angefika wapi?

Dughulushi ni mmea mfupi wenye majani ya vinyweleo yaliyotandaa kama sahani, na maua ya zambarau yenye kitovu cha manjano. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliupata Usambara, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu huuweka katika jenasi ya Streptocarpus. Unapenda hewa yenye unyevu, lakini ukiumwagia maji baridi majani hupata mabaka meupe. Ndiyo maana wakuzaji huumwagilia kutoka chini ya chungu.

Chomeka jani lake moja kwenye udongo mbichi. Litatoa mizizi, na baada ya wiki kadhaa vichipukizi vitajitokeza penye kikonyo. Hivyo ndivyo mmea huu ulivyoenea madirishani Ulaya na Marekani.

Chura hana jani la kuchomeka. Bwawa la umeme lilipochepusha sehemu kubwa ya maji, manyunyu yalipungua, ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza. Vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2003 waliobaki Kihansi waliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, wakiwa kizazi cha wale waliofugwa Marekani kwenye matangi ya kioo.

Wingi wa vyunguni nao usitudanganye. Dughulushi za madukani karibu zote ni machotara, ilhali ile ya Taita, Streptocarpus teitensis, huota porini katika msitu wa Mbololo tu.